Paskazia na Vitufe Thelathini na Saba

Paskazia alikuwa hawezi kupita mbele ya karatasi yenye mstari uliokaa upande. Akiona tangazo la harusi limebandikwa dukani pale Miyuji, na jina la bwana harusi halikukaa katikati, husimama. Hulitazama. Halafu huondoka akitikisa kichwa, kama mtu aliyekutana na mlevi saa mbili asubuhi. Mumewe, Mazengo, alishazoea. Alikuwa anamngoja hatua tatu mbele, mkono mmoja kwenye baiskeli.

Mazengo alikuwa fundi baiskeli. Shule hakuiona. Herufi alizipata ukubwani, mkewe akimwandikia kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. Herufi nne kwa juma. Ya tano haongezewi mpaka ameziweka sawa zile nne.

Kazi ya Paskazia ilikuwa kupiga chapa. Alianza kwenye chama cha ushirika cha zamani. Kikafa, kama vilivyokufa vingi miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye lori akawa mnunuzi na kila mwenye mizani akawa soko. Akachukuliwa na Umoja wa Wafugaji na Wakulima wa Zabibu, ambao watu waliuita Umoja tu. Alikwenda na mwenzake, Generosa, mwanamke mnene, mcheshi, wa kwaya. Wote wawili walikuwa na meza moja ndefu, na taipureta mbili, na dirisha linalotazama uwanja wenye mbuzi wa jirani.

Mwaka 2005 wafadhili wakaleta kompyuta. Taipureta zikapelekwa stoo. Paskazia alizifunika kwa kitenge, akakichomeka pembe zote nne.

"Unamfunika mtoto au mashine?" Generosa akamuuliza.

"Vumbi la Dodoma hili. Wewe hulijui?"

Kompyuta zilikuja pamoja na tovuti. Aliyeitengeneza aliitwa Octavian, fundi wa kompyuta mwenye kijiduka chake Area D, mtu wa miaka arobaini na ushei, mrefu, upara umeanza, shati limechomekwa upande mmoja tu. Aliwaeleza jambo zima kwa dakika kumi, na dakika tatu alikuwa anaongea na simu.

Alisema hivi. Tovuti ya Umoja inaendeshwa na mfumo ambao mtu hahitaji kuijua lugha ya kompyuta. Unafungua ukurasa, unakuta kisanduku cheupe cha kuandikia. Juu ya kisanduku kuna vitufe: cha kukoza maandishi, cha kupaka rangi, cha kuweka picha. Unaandika, unabonyeza Hifadhi, basi. Mtu wa Mwanza anasoma. Mtu wa Ulaya anasoma.

"Vitufe vingapi?" Paskazia akauliza.

"Aah, mama, vipo vingi tu."

Alipoondoka, Paskazia akavihesabu. Thelathini na saba.

Kazi ikaanza. Kila Ijumaa Umoja ulitoa ratiba ya minada ya mifugo: kijiji gani, siku gani, wiki inayofuata na ile ya baada yake. Zamani ilipigwa chapa na kubandikwa kwenye mbao. Sasa ilikwenda kwenye tovuti, na wafanyabiashara wa mbali waliisoma kwenye vibanda vya intaneti kabla ya kutia mafuta kwenye lori. Paskazia aliiandika kama alivyoiandika miaka ishirini. Jina la kijiji kushoto. Kisha unagonga kitufe kirefu cha nafasi, ta-ta-ta-ta, mpaka unafika safu ya wiki ya kwanza. Unaandika siku. Ta-ta-ta-ta tena mpaka wiki ya pili. Kijiji kisipokuwa na mnada wiki ya kwanza, unapita juu ya safu hiyo kwa nafasi tupu mpaka unafika ya pili. Kwenye kisanduku mambo yalionekana yamenyooka kama mitaro ya shamba la zabibu. Akabonyeza Hifadhi. Akaenda kunywa chai.

Jumatano iliyofuata akaingia Abbasi.

Abbasi alikuwa mnunuzi wa mbuzi kutoka Kondoa, kanzu safi, ndevu fupi, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akasimama mlangoni.

"Ratiba ya mnada anaiandika nani hapa?"

"Karibu, Bwana Abbasi," Paskazia akasema. "Karibu kiti."

"Nimeshakaa, Mama Ruthu. Nimekaa kwenye lori tangu Kondoa mpaka Ilolwa. Tovuti yenu imesema Ilolwa Jumanne hii. Unajua nimekuta nini Ilolwa? Punda wawili na bibi mmoja anauza ubuyu. Mnada wote ndio huo."

Generosa akainama chini ya meza, anatafuta kalamu ambayo haikuanguka.

"Ukanunua ubuyu?" sauti yake ikatoka huko chini.

"Nikanunua! Ningefanyaje? Lori la tani saba lirudi tupu?"

Paskazia hakucheka. Akachukua karatasi ya afisa wa mifugo. Ilolwa: wiki ya kwanza hakuna, wiki ya pili Jumanne. Hivyo ndivyo alivyoandika. Akafungua tovuti, si kisanduku cha kuandikia, bali ukurasa wenyewe kama anavyouona mtu wa nje. Hakuwahi kuufungua. Jumanne ya Ilolwa ilikuwa imeketi chini ya wiki ya kwanza, imetulia, kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

Si Ilolwa peke yake. Vijiji vinne vilikuwa hivyo.

Octavian akaitwa. Alitazama, akacheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Mama, hii mifumo haihesabu nafasi. Ukiipa nafasi ishirini, yenyewe inaonyesha moja. Pale mlipoacha patupu, imepabana. Kilichokuwa kulia kimesogea kushoto."

"Mbona hukutuambia?"

"Nani siku hizi anapanga safu kwa nafasi? Kuna kitufe cha jedwali pale juu."

"Kipi?"

Octavian akakitafuta. Ilimchukua muda yeye mwenyewe.

Katibu wa Umoja, Bwana Sila, alikuwa mtu wa sauti ndogo. Akiwa amekasirika inakuwa ndogo zaidi, mpaka unamsogelea kupata hukumu yako. Aliwaita wote ofisini kwake.

"Abbasi amekwenda kusema stendi nzima," akasema. "Kuna kampuni Dar wanaweza kuchukua kazi hii ya tovuti. Tunawatumia karatasi, wanaandika wao. Wameleta barua mbili tayari."

"Na sisi?" Paskazia akauliza.

Bwana Sila akanyoosha kalamu mezani.

"Mama Ruthu, wewe na Generosa mmekuwa wapiga chapa. Taipu haipo. Tovuti ikiondoka, nitawaweka wapi?"

Hapo ndipo Paskazia alipouona unga wake umeinamishwa, bado kumwagika tu. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ruthu, binti yake, alikuwa chuo cha ualimu. Lakini kilichomchoma hakikuwa hicho. Kilichomchoma ni kwamba karatasi yenye jina la Umoja ilitoka kombo, na imetoka mkononi mwake.

"Nipe mpaka Ijumaa ya wiki ijayo," akasema.

"Ukifanya nini?"

"Sijajua bado."

Bwana Sila alimpenda kwa majibu ya namna hiyo. Akafikiri. Akasema sawa. Ila yeye mwenyewe atasimama pale, na ratiba haitaandikwa na Paskazia. Itaandikwa na Generosa, bila kuelekezwa neno. Ikitoka sawa, wanabaki. Ikitoka kombo, Jumatatu yake kampuni ya Dar inajibiwa barua.

"Mimi tena!" Generosa akasema nje. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi nitakuwa makini," Paskazia akasema. "Yeye anataka kuona siku ya kawaida."

"Yaani mimi ndiye siku ya kawaida."

"Wewe ndiye."

Jumamosi Paskazia alikwenda Area D, kwenye kijiduka cha Octavian. Alibeba chupa ya chai na karanga za kukaanga. Octavian alikuwa amefungua matumbo ya kompyuta ya mtu, amezungukwa na skrubu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Octavian, nieleze vile vitufe. Vinatoka wapi?"

Alipoona amekuja kujua, si kulalamika, Octavian akabadilika. Akasogeza skrubu, akafuta kiti. Akamwambia kwamba kila kitufe nyuma yake kina kiprogramu chake kidogo. Wenyewe wanakiita plagini. Kisanduku cha kuandikia ni kama nyumba, plagini ni watu waliopanga vyumba. Unaweza kumtoa mmoja, wengine wasijue. Unaweza kuleta mpya. Orodha yao iko kwenye faili moja.

"Nionyeshe hiyo orodha."

Akaifungua. Paskazia akavaa miwani. Ilikuwa majina tu, moja baada ya jingine, yamefungwa kwenye mabano.

"Kwa hiyo hili ukilitoa hapa, na kitufe kinatoka kule?"

"Kinatoka."

"Toa basi."

Octavian akaanza kuandika. Alikuwa fundi, lakini alichapa kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa mtama, na kila baada ya punje mbili anakosea. Paskazia alivumilia kama dakika tano.

"Sogea," akasema.

"Mama, hii ni faili ya mfumo, ukikosea kidogo tu..."

"Sogea, mdogo wangu. Wewe niambie, mimi nitaandika."

Tangu hapo Octavian hakurudi kwenye kiti chake. Alikuwa anasema, Paskazia anachapa. Hakukosea hata mabano. Octavian alisimama nyuma yake, chai mkononi, kinywa wazi.

Watu waliokuwa wakimwona Paskazia akichapa hawakusahau. Vidole vilikuwa virefu, havina haraka, lakini huwezi kuvifuata kwa macho. Hata juma lake la mwisho hospitalini, miaka mingi baadaye, vilikuwa vinagonga shuka polepole. Mazengo alikaa pembeni akivitazama. Alitamani kujua vinaandika nini.

Siku ile Area D vilikuwa vinafukuza wapangaji. Kitufe cha rangi ya nyuma ya maandishi: toka. Cha kubadilisha aina ya herufi: toka, kwa sababu Generosa alikuwa ameandika bei za alizeti kwa herufi za kadi ya harusi. Cha maandishi mekundu akakifikiria, maana kwenye taipureta utepe mwekundu ulikuwa wa maonyo. Akakiacha. Walipofika kwenye vikatuni, vile vinyuso vidogo vya njano, Octavian akauliza.

"Hivi navyo?"

"Hivyo kwanza. Mwezi uliopita Generosa aliweka kimoja kwenye tanzia ya marehemu Bartolomayo wa Chikombo. Kinacheka."

"Kinacheka?"

"Anasema kwa mbali alidhani ni ua."

Jioni vilibaki vitufe tisa. Cha kumi walikitengeneza wenyewe. Octavian alichukua plagini ya jedwali, wakaipunguza, wakaifunza kazi moja: ukiibonyeza inaleta jedwali la minada, kijiji, wiki ya kwanza, wiki ya pili, tayari limechorwa. Juu ya kitufe wakaandika Mnada. Octavian akafurahi kama mtu aliyefunga goli.

"Hapo mtu hawezi kukosea, mama. Hata akitaka."

Nyumbani Mazengo aliuliza imekuwaje. Paskazia akamweleza, huku anachambua mchele. Vitufe vilikuwa thelathini na saba, sasa ni kumi.

"Vile vingine vilikuwa vya nini?"

"Vya kuonyesha kwamba vipo."

Mazengo akatikisa kichwa. Baiskeli za siku zile zilikuwa zinakuja hivyo hivyo, gia kumi na nane, na Dodoma mtu anatumia mbili.

Jumatano, siku mbili kabla ya siku yenyewe, Paskazia akataka kujaribu. Hakumwambia Generosa kwamba ni jaribio. Alimpa karatasi ya ratiba ya zamani, akasema, "Niandikie hii, mkono unaniuma." Kisha akakaa na Octavian upande wa dirisha, wakajifanya wanatazama mbuzi.

Generosa akafungua ukurasa. Akaweka karatasi kushoto. Akaanza kuimba wimbo wa kwaya kwa pua, akaandika. Jina la kijiji. Ta-ta-ta-ta-ta. Siku. Ta-ta-ta-ta-ta. Kitufe cha Mnada kilikuwa juu ya macho yake, kipana, kina maandishi ya Kiswahili. Hakukigusa.

Octavian akainuka. Paskazia akamshika shati.

Generosa alipomaliza walifungua ukurasa wa nje. Kombo tupu. Ilolwa imerudi wiki ya kwanza.

"Dada Generosa!" Octavian akashindwa kujizuia. "Kitufe hukukiona?"

"Nimekiona."

"Sasa?"

"Nikajua cha wakubwa."

Octavian akashika upara kwa mikono miwili. Akasema basi, yeye ameshindwa, mashine imefanya yote, waliobaki ni watu. Watu wajifunze. Waandikiwe maelekezo, yabandikwe ukutani kwa maandishi makubwa: usipige nafasi, bonyeza Mnada.

"Nimeambiwa asielekezwe neno," Paskazia akasema.

"Basi mama, hapo hakuna dawa."

Paskazia akavuta kiti, akaketi karibu na Generosa.

"Shoga, andika tena. Vijiji vitatu tu."

"Tena? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Andika tu."

Generosa akaandika. Safari hii Paskazia hakutazama skrini. Alimtazama Generosa. Macho ya Generosa yalikuwa kwenye karatasi kushoto, mwanzo hadi mwisho. Hayakwenda kwenye skrini hata mara moja. Ndivyo walivyofundishwa wote wawili misheni, kwa kitambaa cheusi juu ya mikono: mpiga chapa anaangalia karatasi anayonakili. Ukitazama vidole unachapwa rula.

"Octavian," akaita. "Huyu hawezi kukitumia kitufe chako. Hakuna anachokiona. Unampikia mtu mwenye kitambaa machoni halafu unalalamika hasifii rangi ya mchuzi."

"Sasa tufanyeje? Tumtoe macho kwenye karatasi kwa siku mbili?"

"Mkono wake uachwe kama ulivyo. Hicho kisanduku chako ndicho kijifunze." Akamgeukia Generosa. "Unapokwenda wiki ya kwanza, unasimama wapi?"

Generosa alimshangaa kwa swali la kitoto.

"Si ishirini?"

"Na wiki ya pili?"

"Arobaini. Mama Ruthu, umeanza kusahau?"

Hakuwa amesahau. Alitaka Octavian asikie. Taipureta ina rula mbele, na kwenye fomu ya Umoja kijiji kilianza kwenye sifuri, wiki ya kwanza kwenye ishirini, wiki ya pili kwenye arobaini. Vidole vya Generosa vilikuwa vinaihesabu ile rula miaka kumi baada ya miaka kumi, bila kumwuliza mwenyewe. Jina la kijiji likiwa na herufi sita, vinagonga nafasi kumi na nne. Likiwa na nane, kumi na mbili.

"Kisanduku kihesabu hivyo hivyo," Paskazia akasema. "Herufi na nafasi, vyote. Akifika ishirini, kimpeleke safu ya pili. Akifika arobaini, ya tatu. Jedwali liwe limeshafunguliwa lenyewe, asibonyeze chochote."

Octavian akasema kitu kama hicho hajawahi kukiona. Akasema mafundi wenzake wakikiona watamcheka. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kinawezekana.

"Watakucheka wakiwa wapi?"

"Dar."

"Watakapofika Dodoma tutawapikia chai."

Alhamisi yote ilikwenda kwenye plagini hiyo. Octavian alitembea chumbani huku na huku akisema maneno ya programu kwa sauti, kama padri anayesoma sala, Paskazia akiyachapa. Mara ya kwanza kishale cha kuandikia kiliruka mpaka nje ya jedwali. Mara ya pili kiligoma kabisa. Saa tisa alasiri kikatii. Paskazia aliandika ratiba nzima bila kuangalia skrini, ikatoka safi. Octavian akapiga meza.

"Tumemaliza!"

"Bado," Paskazia akasema. "Mimi huwa sikosei."

"Najua, mama, hongera."

"Si hongera ninayotaka. Generosa hukosea, halafu hufuta. Akifuta, kinahesabu vipi?"

Wakajaribu. Aliandika herufi tano, akafuta mbili, akaendelea. Mashine ilizihesabu zile alizofuta kana kwamba bado zipo, ikaruka mapema. Octavian akaketi taratibu. Kama ingekuwa ndiyo Ijumaa, wangekuwa wamekwisha. Walirekebisha mpaka saa kumi na mbili kasoro, jua linaingia kwenye skrini. Mazengo alikuwa nje na baiskeli, anangoja. Hakuingia. Alimwona mkewe kupitia dirishani, miwani imeshuka puani, midomo inahesabu.

Ijumaa Bwana Sila alikuja saa nne. Alikuwa na karatasi mpya ambayo hakuna aliyeiona. Akampa Generosa, akasimama nyuma yake, mikono mgongoni.

Generosa aliweka karatasi kushoto. Hakuimba. Hilo lilimtisha Paskazia. Generosa asipoimba anafikiri, na akifikiri vidole vinapotea.

"Katibu," Paskazia akasema, "huyu hachapi mtu akimpumulia kisogoni. Hata taipu hakuwa anachapa."

Bwana Sila akarudi hatua mbili. Akatazama dirisha. Uwanjani mbuzi mmoja alikuwa amepanda juu ya mgongo wa gari la mtu, na mwenye gari anakuja mbio.

"Tazama yule," Generosa akasema, akacheka. Alipoanza tena, wimbo wa pua ukawa umeingia wenyewe.

Ta-ta-ta-ta. Kishale kikaruka kimya kimya. Generosa hakujua. Vijiji kumi na moja. Akakosea kimoja, akafuta, akaandika upya. Paskazia aliyafunga macho hapo. Aliposikia Hifadhi imebonyezwa, hakuyafungua.

Bwana Sila alikwenda kwenye kompyuta ya ofisini kwake, yenye skrini ndogo, akafungua ukurasa wa nje. Alisoma kwa sauti yake ndogo, wakamsogelea wote hadi mlangoni.

"Chikombo. Wiki ya kwanza, Jumatano. Wiki ya pili, hakuna." Akatazama karatasi. "Ndiyo. Ilolwa. Wiki ya kwanza..."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Octavian alikuwa amemshika Generosa bega bila kujua.

"Wiki ya kwanza, Jumanne. Wiki ya pili, hakuna. Ndiyo."

Akaendelea hadi cha kumi na moja. Kisha akarudia kutoka chini kwenda juu, maana naye aliwahi kuwa karani. Akaiweka karatasi.

"Umeandika vile vile mnavyoandika siku zote?"

"Vile vile," Generosa akasema. "Mimi sijabadilisha kitu. Kwani kulikuwa na nini?"

Bwana Sila akamgeukia Octavian, amweleze wamefanya nini. Octavian, ambaye angeweza kuichukua sifa hiyo yote akaenda nayo Area D, akanyoosha kidole.

"Aliyeandika plagini ni huyu. Mimi nilikuwa natembea tu."

Bwana Sila akamwuliza Paskazia anataka aitwe nani sasa, maana mpiga chapa haitoshi, na lazima kiandikwe kitu kwenye faili lake. Paskazia akasema aandike lolote, ila aliandike katikati ya mstari. Ikaandikwa Mhariri wa Tovuti. Kampuni ya Dar ilijibiwa Jumatatu kama ilivyopangwa, kwa mistari mitatu ya shukrani. Generosa ndiye aliyeichapa barua hiyo.

Habari za kisanduku kinachohesabu zilitembea. Mwezi wa nane chama cha warina asali cha Kondoa kikamtuma mpiga chapa wao, Mwanasha, aje ajifunze siku tatu. Alikuja na daftari jipya, kalamu mbili na wasiwasi. Akapiga shikamoo kila kona, hata kwa Generosa, ambaye aliipokea kama malkia.

Mwanasha akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe, akasubiri amri.

Paskazia akavuta kiti, akakiweka si upande wa skrini, bali upande wa mikono ya mgeni.

"Daftari liweke kwanza," akasema. "Andika kitu chochote, kama unavyoandika kwenu. Nikutazame."